Gesi ya Nusukaputi na Vitamini B12

Nitrasi oksaidi, gesi ya nusukaputi inayotumika tangu karne ya 19, kwa muda mrefu ilidhaniwa haidhuru damu. Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 1956, madaktari wa Denmark walipoeleza hali ya wagonjwa wa pepopunda waliovutishwa gesi hiyo kwa siku kadhaa mfululizo: chembe nyeupe za damu zilipungua mno, na uboho ukadhoofika.

Chanzo ni kobalti, madini yaliyo katika kiini cha vitamini B12. Gesi huigeuza kobalti hiyo kikemia. Vitamini hubaki mwilini lakini haifanyi kazi, na kimeng'enya kinachoitegemea kutengeneza methionini hulemaa. Foleti nayo hunaswa katika umbo lisilotumika. Chembe changa za uboho hukosa malighafi ya DNA, zikawa kubwa bila kugawanyika ipasavyo. Ndiyo maana kipimo cha kawaida cha B12 chaweza kuonekana sawa ilhali mgonjwa amepungukiwa. Kiwango cha homosisteini hufichua zaidi.

Kwa mwenye akiba ya kutosha, upasuaji wa saa moja au mbili si wa kutia hofu. Wa kuulizwa kwanza ni asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa, mzee, aliyeondolewa mfuko wa tumbo, na anayemeza metformini kwa miaka. Hawa, wiki chache baada ya upasuaji, miguu yaweza kufa ganzi na mwendo ukayumba. Sindano za B12 zisicheleweshwe. Foleti peke yake ni hatari: damu yaweza kurekebika huku uti wa mgongo ukiendelea kuharibika.