Kula Nje Mbele ya Ziwa: Maelezo Juu ya Maneno Machache ya Bukavu na Luhwindja

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili alitakiwa kuandika insha juu ya Jumapili ya jamaa yake. Akaandika kwamba baada ya misa baba yao aliwapeleka wote "kwenye mkahawa ulio ufukweni mwa ziwa". Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Hata hivyo, tulipomwuliza kama nyumbani kwao yupo mtu yeyote atumiaye neno hilo mkahawa, alicheka akajibu: "Hapana, mwalimu. Sisi tulienda ku terasi."

Makala haya yana nia ya kueleza umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili. Tutahusika hasa na jambo moja dogo: jamaa nzima, yaani baba, mama, watoto na pengine bibi, kutoka nyumbani na kwenda kula mahali penye mandhari ya kupendeza, pasipo fahari kubwa. Hapana budi tuseme tangu mwanzo kwamba mengi tunayoyaeleza juu ya Bukavu tuliyaona kabla ya mwezi wa Februari 2025, mji ulipotwaliwa na waasi wa M23.

Tuanze na mkahawa, au mgahawa kama wengine waandikavyo. Kama ijulikanavyo, shina lake ni kahawa, neno lililotoka katika Kiarabu. Hapo kwanza palikuwa mahali pa kunywea kahawa, kisha maana ikapanuka hata ikaenea nyumba yoyote iuzayo chakula. Kwa mtu wa pwani upanuzi huo ni wa kawaida, maana vikombe vidogo vya kahawa viko barazani kwake kila jioni. Kwetu Kivu hali ni nyingine. Kahawa twailima, kando ya ziwa na kisiwani Idjwi, lakini hatukuwa na desturi ya kuijengea nyumba. Kwa hiyo neno limetufikia kwa njia ya vitabu, nalo lanukia chaki zaidi kuliko buni.

Hoteli nalo lina hatari yake. Nchini Kenya na Tanzania mtu aweza kusema amekula hotelini, naye alikuwa amekaa kwenye benchi akila chapati na maharage. Bukavu neno hilo humletea msikilizaji picha ya vyumba na vitanda. Mume asemaye nyumbani kwamba mchana alikuwa hotelini atakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Yako maneno mawili yaliyotujia kutoka Kinshasa, pamoja na Kilingala cha askari na cha wanamuziki: nganda na malewa. Nganda, kwa asili, ni kambi ya wavuvi kando ya mto, nalo likageuka kuwa jina la baa ambapo watu hula samaki na kunywa bia. Malewa ni chakula cha bei nafuu kiuzwacho na akina mama kando ya barabara au sokoni. Mtu huenda malewa kwa sababu ana njaa na nyumbani ni mbali. Nganda baba huenda na rafiki zake, na watoto hubaki. Basi hakuna hata moja kati ya hayo mawili liwezalo kubeba Jumapili ya mwanafunzi wetu. Ndiyo sababu watu wa Bukavu walichukua maneno ya Kifaransa: terasi, payoti, resto. Payoti ni kibanda cha nyasi kisicho na kuta, na terasi ni mahali pa wazi penye meza na viti. Yote mawili, tukiyaangalia vema, hayataji chakula hata kidogo. Yataja mahali pa kukaa ili mtu aone nje.

Jambo hili la kukaa na kuona nje lina historia ndefu kidogo. Waswahili wa pwani wana kitenzi kubarizi, yaani kukaa nje pamoja na wengine kwa mazungumzo, na jina baraza, lenye shina la Kiarabu lihusulo kutokea nje na kuonekana. Wabelgiji waliokaa Kongo walilichukua jina hilo wakalitia katika Kifaransa chao kwa umbo la barza, wakimaanisha ukumbi wa mbele ya nyumba. Hadi leo Mkongomani aandikaye Kifaransa hutumia barza bila kukumbuka kwamba anasema Kiswahili. Katika Kivu Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1990 kuliundwa hata chombo cha upatanisho kilichoitwa Barza Intercommunautaire.

Sasa, barza za Bukavu zilitazama wapi? Mji umejengwa juu ya rasi tano ziingiazo ziwani, watu wakizifananisha na vidole vya mkono, mahali palipo juu ya mita 1460 toka usawa wa bahari. Wakati mji ulipoitwa Costermansville, rasi nzuri kama ile ya La Botte zilikuwa makao ya Wazungu, na Waafrika walikaa Kadutu na Bagira, mlimani na nyuma. Mwafrika aliyeonekana jioni mbele ya ziwa alikuwa huko kikazi, yaani boyi, mpishi au mlinzi. Mandhari aliyaona akiwa amesimama na sinia mkononi. Kwa wazee wetu, basi, kuketi mezani mbele ya ziwa na kuletewa chakula si starehe tu. Ni kubadili mahali katika sentensi ileile: yule aliyekuwa akileta sasa analetewa. Mara nyingi tumesikia vijana wakidharau matembezi hayo ya Jumapili kuwa ni kupoteza fedha kwa soda moja na kuku mgumu. Kuku ni mgumu, ndiyo, lakini hoja yao haitoshi.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba desturi hii ni ya kwetu peke yetu. Unguja jamaa hushuka jioni Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa, wakala urojo na mishikaki mbele ya bahari. Mombasa huenda kupunga upepo kando ya barabara ya Mama Ngina, kwa mihogo yenye pilipili na ndimu pamoja na madafu. Kisumu vilijulikana vibanda vya Lwang'ni kando ya ziwa, vya samaki na ugali, na jina hilo kwa Kijaluo ni nzi. Sisi Bukavu hatukufikia ujasiri huo wa kuita mahali pa kulia kwa jina la nzi.

Chakula cha terasi zetu ni kuku, brosheti za mbuzi, samaki, makemba, friti, bukari kwa sombe au lengalenga, na zaidi ya yote sambaza. Samaki huyu mdogo anastahili maelezo. Hakuwamo katika ziwa Kivu tangu kale. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, maana Kivu ilikuwa na samaki wachache katika maji yake ya katikati. Akazaana sana. Wavuvi humtafuta usiku kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiwa na taa, na aketiye kwenye terasi jioni huwasikia wakiimba wakienda. Jina lake ng'ambo ya Rwanda ni isambaza, lenye kiambishi cha huko. Wanafunzi hupenda kulihusisha na kitenzi kusambaza, wakisema samaki huyu alisambaa ziwa zima. Maelezo hayo ni matamu, na sauti zinafanana kweli, lakini mfanano wa sauti si ushahidi wa asili ya neno, na hilo twawaambia kila mwaka.

Upande wa sarufi, orodha ya vyakula ni shule. Mtu wa Bukavu husema samaki ya kuchoma na sambaza ya kukaanga, pale ambapo Kiswahili sanifu chadai samaki wa kuchoma. Upatanisho wa wanyama umelegea. Tena hutumia chenye kwa urejeshi: chenye muko nacho, yaani mlicho nacho. Na kwa heshima hutumia wingi kwa mtu mmoja: "Papa, mutakunywa nini?" Hapo Kifaransa kinachungulia, lakini lugha zetu nazo zina heshima ya namna hiyo kwa wakubwa.

Tumefika penye uzito. Mwaka 2014 nilipopata lisansi, jamaa yangu walishuka kutoka Luhwindja kuja kuniona siku ya kolasyo. Luhwindja iko milimani, katika eneo la Mwenga. Kule, mahali pa kulia kwa fedha ni vibanda vya mbao wapikiapo akina mama kwa ajili ya krezeri, wachimbaji wa dhahabu, na mtu mwenye nyumba yake hana sababu ya kuingia humo. Nikawapeleka wote kwenye payoti moja mbele ya ziwa: mama yangu, mjomba, shangazi na wadogo zangu wawili.

Kijana wa kuhudumia akamwuliza mama: "Mama, mutakula nini?" Akajibu: "Chenye muko nacho." Kijana akataja vitu sita. Mama akasema tena, polepole: "Mutupatie chenye mulipika." Baadaye alinieleza kwamba kwao kumwuliza mgeni atakula nini ni kumwambia kwamba hukupenda aje. Mwenye nyumba huleta, mgeni hupokea. Kuchagua ni tabia ya mnunuzi sokoni, na mama alikuwa ameambiwa "karibu" mlangoni, neno lisilosemwa na mwuzaji kwa mnunuzi bali na mwenyeji kwa mgeni. Ndivyo alivyolisikia. Tulipomaliza aliuliza: "Mwenye nyumba ni nani, tumushukuru?" Kijana akanitazama mimi. Sikuwa na jibu katika lugha yoyote niliyosomea.

Kisha fakture ikaletwa, ikawekwa mbele ya mjomba kwa kuwa ndiye mkubwa. Akaigeuza, akaisogeza kwangu bila kusema. Nilikuwa nimekopa kwa mwenzangu, nikakadiria vibaya. Zilipungua dola kumi na moja. Nilianza kuzihesabu mara ya pili chini ya meza, kama kwamba zingeongezeka. Mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa noti alizokuwa amekuja nazo ili anipe pongezi, akaziweka juu ya sahani ile ndogo kwa mikono miwili, kama mtu atoaye zawadi. Sambaza zilizobaki akaomba zifungwe kwa ajili ya wajukuu.

Nilipokwenda Luhwindja mwezi uliofuata, nilimkuta akiwasimulia majirani habari za siku ile: ziwa, mitumbwi, milima ya Rwanda ng'ambo, na vitambaa vya meza. "Tulipokewa vizuri," aliwaambia. Kitenzi hicho kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Jirani mmoja alimwuliza: "Na nani?" Mama akaninyoshea kidole.