Nyani wa Adili na Kiboko cha Rwenzori (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tulimwacha Adili, liwali wa Janibu, amefumaniwa usiku akiwachapa nyani wawili huku machozi yakimtiririka. Msomaji mmoja wa Bwera ananilaumu kwa kumaliza wino juu ya majini. Tangu baraza la mawaziri la Uganda liamue, Julai 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, anatafuta kitabu cha kumfunza mwanawe sarufi, basi. Nitamjibu, ila anivumilie kidogo.

Mzizi wa kisa hiki uko katika Alfu Lela Ulela. Mle ndugu wawili waovu hugeuzwa mbwa. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, akawafanya nyani. Badiliko hilo nimelitafuna miaka mingi. Mbwa akichapwa hukunja mkia. Nyani huinua kiganja kujikinga, na kiganja chenyewe kina vidole vitano kama vyako. Kisha tazama majina aliyowapa: Hasidi na Mwivu. Wazee wetu hawakuyachanganya hayo mawili. Mwenye wivu anakitaka ulicho nacho. Hasidi anataka ukikose, hata kama yeye hatakipata.

Wala chuki ya ndugu hao kwa Adili haikuletwa na njaa. Walipofilisika katika biashara, Adili aliwagawia mali yake mwenyewe. Kumbe msaada nao huweza kumchoma anayeupokea, kila akikumbuka mkono wa nani uko juu.

Jini Huria aliwageuza nyani ili kumlipa Adili fadhila, kisha akaweka sharti: wachapwe kila usiku, na Adili asipowachapa, adhabu imrudie yeye. Kwangu uchawi wa kitabu hiki uko hapo, kuliko kwenye manyoya na mikia. Mshika kiboko naye ni mfungwa.

Mwandishi huyo wa Tanga alifariki Juni 1962. Mwezi huohuo, tarehe 30, milimani kwetu Rwenzori kukatangazwa dola la Rwenzururu, lililojitenga na Tooro. Kiongozi wake, Isaya Mukirania, alikuwa mwalimu wa shule, mtu aliyeanza kukusanya historia ya Wakonzo tangu miaka ya 1950. Wakonzo na Waamba walilalamika kwamba chini ya utawala wa Tooro walibaguliwa katika elimu na vyeo, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Lakini haki ikishaingia mikononi mwa kiboko, nani atakumbuka kipigo cha kwanza kilikuwa cha nini? Miaka 20 watu wa mlimani na watu wa tambarare walilipizana kisasi, usiku baada ya usiku, kama kwamba Huria alikuwa akiwahesabia. Mazungumzo ndiyo yaliyomshusha Charles Mumbere, mwana na mrithi wa Mukirania, kutoka mlimani Agosti 1982. Hata hivyo kiboko kilitundikwa tu ukutani, hakikuchomwa. Novemba 2016, vikosi vya serikali vilipopambana na walinzi wa Mumbere, Kasese ilipoteza zaidi ya watu 100.

Katika kitabu, anayeukata mnyororo ni mfalme Rai. Hakuuliza nani alianza. Alishika kalamu, akaandika waraka wa kuwaombea nyani msamaha. Wakubwa wetu, wa serikali na wa jadi, wangeukariri ukurasa huo kabla ya kupanda jukwaani.

Sasa nimjibu ndugu yangu wa Bwera, maana nafasi imebana. Sokoni Mpondwe mwanao anasikia Kiswahili cha kupatana bei na Wakongo kila siku. Anachokikosa ni Kiswahili cha kufikiria. Mpe kitabu hiki, na sarufi ataikuta ndani. Mwambie atunge sentensi mbili: ndugu analia, nyani analia. Kisha muulize kiambishi gani kimebadilika. Akikujibu kwamba hakuna, somo la kwanza amelifaulu.

Wiki ijayo tutaingia Mji wa Mawe.