Bei ya Kichupa na Gharama ya Uhai

Kwa miongo kadhaa, mtoto aliyefikishwa hospitalini akiwa na malaria kali katika nchi nyingi za Afrika alitibiwa kwa kwinini. Dawa hiyo ilifahamika vyema, ilipatikana, na bei yake ilikuwa nafuu. Ilipokuja atesuneti ya sindano, aliyetazama orodha ya bei aliona jambo moja tu: dawa mpya ni ghali zaidi. Kwa msimamizi wa hospitali mwenye bajeti finyu, mjadala ungeweza kuishia hapo.

Tathmini ya ufanisi wa gharama huanzia pale ambapo orodha ya bei inaishia. Haiulizi ni dawa ipi iliyo rahisi, wala haiulizi tu ni ipi inayoponya zaidi. Huuliza hivi: tukiiacha tiba tuliyonayo na kuchukua nyingine, ni fedha kiasi gani zitakazoongezeka, na ni afya kiasi gani itakayoongezeka kwa fedha hizo? Kwa hiyo hakuna tiba yenye ufanisi wa gharama peke yake, kama vile hakuna mtu mrefu peke yake. Anayeisifu dawa kwa sifa hiyo bila kusema ameilinganisha na nini hajasema kitu.

Ulinganisho wa kwinini na atesuneti ni mfano bora, kwa kuwa ushahidi wake ni mkubwa na sehemu yake imetoka hapa nchini. Jaribio lililojulikana kwa jina la AQUAMAT, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, liliwahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika. Muheza na Korogwe, mkoani Tanga, zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Miongoni mwa waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, miongoni mwa waliopewa atesuneti walifariki asilimia 8.5. Kwa lugha ya kitakwimu, vifo vilipungua kwa asilimia 22.5. Kwa lugha ya wodini, katika kila watoto 1,000 waliotibiwa kwa atesuneti, 24 walirudi nyumbani ambao kwa kwinini wangezikwa.

Upande wa gharama unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo ndipo orodha ya bei hupotosha. Kwinini ya mshipani hupewa kwa dripu inayokwenda polepole kwa saa kadhaa, na hurudiwa kila baada ya saa 8. Inahitaji mipira ya dripu, maji ya glukosi na muuguzi wa kuangalia kasi ya matone. Huweza pia kushusha sukari ya damu, hatari ambayo mtoto mwenye malaria kali tayari anayo. Atesuneti hudungwa kwa dakika chache: mtoto anapopokelewa, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku. Vitu hivi vyote vina gharama, hata kama havimo katika bei ya kichupa. Kitanda kina gharama yake, kipimo cha maabara kina gharama yake, na saa ya muuguzi, ambayo wengi huihesabu kama ya bure, nayo ina gharama yake.

Watafiti waliofuatilia gharama hizo pamoja na jaribio lenyewe walichapisha hesabu yao mwaka 2011. Kumtibu mtoto mmoja kwa kwinini kuligharimu wastani wa dola 63.5 za Marekani. Kwa atesuneti, dola 66.5. Tofauti ni dola 3. Hesabu inayofuata haihitaji kompyuta. Watoto 1,000 watagharimu dola 3,000 zaidi, na watoto 24 zaidi watapona. Ukigawanya, kila kifo kilichoepushwa kimegharimu dola 125. Watafiti, kwa kutumia takwimu zenye usahihi zaidi, walipata dola 123. Mwaka huohuo wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti iwe dawa ya kwanza ya malaria kali kwa watoto pia.

Hata hivyo, kipimo cha vifo pekee hakitoshi pale ambapo hospitali inalazimika kulinganisha malaria na mtoto wa jicho, au chanjo na dawa za kifafa. Ndiyo maana wataalamu hutumia kipimo cha miaka ya maisha yenye afya, kilichopata umaarufu baada ya ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993. Kipimo hicho hujumlisha miaka inayopotea kwa kufa mapema na ile inayoishiwa na ulemavu, kila ulemavu ukipewa uzito wake. Kwa kipimo hicho, mwaka mmoja wenye afya uliookolewa na atesuneti uligharimu takriban dola 3.8.

Msomaji makini atagawanya 123 kwa 3.8 na kupata kama miaka 32 kwa kila kifo kilichoepushwa, kisha atauliza: mtoto wa miaka mitatu akipona, si anatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 32? Anatarajiwa. Pengo hilo linatokana kwa sehemu kubwa na desturi ya kuipunguza thamani miaka ya mbeleni, kwa kawaida asilimia 3 kila mwaka, kama mfanyabiashara anavyoona fedha ya leo kuwa bora kuliko ya mwakani. Zamani hata umri ulipewa uzito, mwaka wa kijana ukihesabiwa kuwa na thamani kuliko wa mtoto mchanga au mzee. Makadirio ya mzigo wa maradhi duniani ya mwaka 2010 yaliziacha desturi zote mbili, lakini katika tathmini za gharama upunguzaji wa thamani ungali unatumika. Nyuma ya namba inayoonekana kuwa ya kisayansi tupu kuna maamuzi kuhusu thamani ya maisha ya watu. Maamuzi hayo yanastahili kujulikana na kujadiliwa na wananchi, si kufichwa katika viambatisho vya ripoti.

Je, dola ngapi kwa mwaka mmoja wenye afya ni nyingi mno? Uingereza, kupitia taasisi yake ya tathmini ya tiba iitwayo NICE, kwa miaka mingi ilitumia kizingiti cha pauni 20,000 hadi 30,000. Kwa nchi maskini ulienea utaratibu wa kulinganisha gharama hiyo na pato la mwaka la mtu mmoja: tiba isiyovuka pato hilo ilihesabiwa kuwa na ufanisi mkubwa, na isiyovuka mara tatu yake ikahesabiwa kuwa inafaa. Kizingiti hicho ni kilegevu mno. Katika Tanzania kingeruhusu matumizi ya zaidi ya dola 3,000 kwa mwaka mmoja wa afya, ilhali matumizi yote ya afya kwa mtu mmoja kwa mwaka ni makumi machache tu ya dola. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wenyewe walionya kwamba kisitumiwe peke yake kufanya uamuzi. Tiba inayopita chini ya kizingiti kirefu kiasi hicho huweza kuchukua fedha ambazo, katika zahanati ya jirani, zingeokoa miaka mingi zaidi.

Jambo jingine ni nani anayelipa. Hesabu nyingi hutazama mfuko wa mtoa huduma. Nauli ya mama kutoka kijijini, chakula cha anayeuguza, na siku za kilimo zilizopotea mara nyingi hazionekani humo. Tiba yaweza kuwa nafuu kwa serikali na ikaifilisi familia.

Aidha, ufanisi uliopimwa mahali pamoja hausafiri wenyewe kwenda pengine. Atesuneti ina umbo jingine, la kidonge kinachowekwa katika njia ya haja kubwa, kwa ajili ya mtoto aliye mbali na hospitali. Jaribio lililofanyika Bangladesh, Ghana na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2009, lilionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao baada ya saa 6 walikuwa bado hawajafika kituoni, vifo na ulemavu wa kudumu vilishuka kutoka asilimia 3.8 hadi 1.9. Kati ya 2018 na 2020 dawa hiyohiyo ilifuatiliwa katika huduma za kawaida Nigeria, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na haikuonekana kupunguza vifo. Bei ya kidonge haikuwa sababu. Watoto wengi hawakufikishwa hospitalini baada ya kukipata, na wengi waliofika hawakumaliziwa tiba. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zisitishe kwanza upanuzi wa matumizi yake, na mwongozo wa mwaka uliofuata ukaweka sharti: kitolewe pale tu ambapo mtoto ana njia ya kufika hospitalini, na ambapo akifika atakuta sindano na dozi kamili ya vidonge vya kumalizia. Kwa halmashauri inayopanga bajeti yake, hilo lina maana kwamba mafuta ya gari la wagonjwa ni sehemu ya bei ya dawa.