Komeo Lisilofika Tunduni
Mtinko, mkoani Singida, hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Komeo la lango la bustani lililofunga vyema Septemba huweza kugoma Februari, mbuzi wakaumaliza mchicha. Fundi mwenye haraka hulihamisha komeo. Si tiba hiyo. Inua ncha ya lango kwa mkono. Likicheza, bawaba ya juu, ambayo ndiyo ivutwayo na uzito, imelegea: tia skrubu ndefu zaidi, na ubao wa mshazari kutoka bawaba ya chini hadi kona ya juu upande wa komeo. Lisipocheza, bali lasugua nguzo, mbao zake za wima zimevimba. Ubao hunywa unyevu ukatanuka kwa upana, kwa urefu karibu si kitu. Piga randa kidogo tu: ifikapo Septemba mbao zitakuwa zimesinyaa, na ulimi wa komeo huenda usifike tunduni.