Jina la Chuo cha Biashara Humfikiaje Mwajiri wa Ng'ambo?

Matokeo ya Kidato cha Nne yakishatoka, wazazi huja kwa ofisi yetu ya maendeleo kuomba barua ya harambee ya karo. Siku hizi swali moja halikosi: "Kijana akimaliza hiki chuo cha biashara, ataandikwa kazi Dubai au Uingereza?" Ni swali la haki. Kuna anayetaka kuuza ng'ombe, na kuna anayetaka kukata kipande cha shamba.

Wasomaji wapendwa, jina la chuo hubebwa na watu. Meneja wa London akishika cheti hujiuliza kama amewahi kufanya kazi na mtu wa chuo kile. Akimkumbuka mmoja aliyefanya vizuri, mlango unafunguka. Asipomkumbuka yeyote, basi, hata kama chuo kinasifika kaunti nzima, kwake ni karatasi. Shule ya biashara ya Harvard, iliyoanza 1908, haihitaji kujieleza kwa sababu wahitimu wake wengi ndio wakubwa katika hizo kampuni zinazoandika watu. Chuo cha juzi, hata kikifundisha vizuri, bado hakina watu hao.

Mwajiri asipojua mtu, hutafuta muhuri wa mwingine anayemwamini. Kwa shule za biashara kuna mihuri mitatu mikubwa: AACSB ya Marekani, iliyoanza 1916, AMBA ya London, na EQUIS inayotolewa kutoka Brussels. Wakaguzi hufika shuleni wakaangalia walimu, masomo na kazi ya wanafunzi. Barani Afrika, shule zilizowahi kupata yote mitatu ni chache. Stellenbosch na Cape Town ni miongoni mwao. Njia nyingine ni kuegemea jina la mwenzako, kama shule ya biashara ya Strathmore, Nairobi, iliyoanza 2005 ikisaidiwa na IESE ya Hispania.

Halafu kuna orodha za kupanga vyuo. Gazeti la Financial Times lilianza kupanga shule za MBA mwaka 1999, na mshahara wa wahitimu una uzito mkubwa katika hesabu yake. Orodha za namna hii hata serikali huzitumia. Mwaka 2022 Uingereza ilifungua viza ya wahitimu wa vyuo bora vya dunia, ikichagua kwa orodha za kupanga vyuo vikuu. Orodha ya kwanza ilipotoka haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Sisi hatuoni kwamba hiyo ni haki, lakini mzazi afadhali ajue mapema.

Kwa familia ya kawaida, tunaona njia iliyo wazi zaidi ni mtihani wa taaluma. Anayefanya ACCA, chama cha wahasibu kilichoanza London 1904, hupimwa kwa kipimo kile kile awe Nairobi au Dubai. Mwajiri huuliza umepita mitihani mingapi, wala hasumbuki sana na ulisomea wapi. CPA yetu ya KASNEB, bodi iliyoanza 1969, inaheshimika Afrika Mashariki. Huko mbali huenda ukalazimika kuieleza, ila haipotei bure: mwenye CPA akienda ACCA husamehewa baadhi ya mitihani.

Sasa tahadhari. Wengine wakisikia cheti kimepigwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini wanafikiri tayari kinajulikana Uarabuni. Kumbe muhuri ule unasema tu kwamba cheti si bandia. Na chuo kikiwa na jina la kizungu kwenye bango, au kikisema kinashirikiana na chuo cha Uingereza, uliza cheti kitaandikwa jina la nani, kisha uwaandikie wenyewe wa Uingereza. Kwanza kabisa hakikisha kimesajiliwa hapa nyumbani: vyuo vikuu kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, vyuo vya ufundi na diploma kwa TVETA.

Mkifika chuoni, msiulize kama kinajulikana ng'ambo. Watasema ndiyo. Ulizeni waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako kazi gani, na muombe kuongea na wawili kwa simu. Mzazi akipenda, alete barua ya chuo ofisini tuisome pamoja kabla tarehe ya harambee haijatangazwa kanisani.