Moyo laini si ugonjwa wala si udhaifu wa imani

Wiki hii tuangalie jambo ambalo katika nyumba nyingi huishia kwenye lawama. Mtoto akikaripiwa kidogo, machozi. Mama akisikia msiba wa jirani, chakula hakipiti. Wapo wanaosema anadeka, na wapo wanaokimbilia kusema ana shetani.

Kitaalamu, wepesi wa hisia ni maumbile. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1996, anaeleza kuwa watu hawa huyapima kwa undani zaidi wanayoyaona na kuyasikia, hivyo huchoka mapema.

Mtazame Sayyidna Abubakar (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipougua akaamuru Abubakar aswalishe, Bi Aisha (r.a.) aliingiwa na wasiwasi, kwani baba yake alikuwa mlaini wa moyo, kilio humzidi akisoma Qur'an. Lakini Mtume (s.a.w.) alipofariki mwaka 11 Hijria, na Sayyidna Umar (r.a.) akawa hataki kuamini, ni huyo huyo mwenye machozi aliyesimama akawatuliza Waislamu.

Faida yake ndiyo hiyo: mwenye moyo laini huwahi kutambua mgonjwa asiyesema na jirani aliyelala njaa. Ugumu wake uko mwilini. Mtu akishtuka, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, tumbo huvurugika. Hali hiyo ikijirudia kila siku, usingizi hupungua na kichwa huuma.

Afanye nini basi?

1. Alale vya kutosha, apunguze kahawa na chai kali, hasa jioni.

2. Akipandwa na hasira, aketi kama amesimama, ndivyo tulivyofundishwa na Mtume (s.a.w.). Kisha avute pumzi taratibu.

3. Apate muda wa utulivu baada ya shughuli zenye kelele.

4. Mzazi, mrekebishe mtoto huyu faraghani, kwa sauti ya chini. Usimwite mdekaji mbele za watu.

Tahadhari: huzuni ikidumu wiki 2 au zaidi, mtu akakosa usingizi na hamu ya kula, au akaacha shughuli zake, mpelekeni hospitali. Akitamka kutaka kujidhuru, msisubiri hata siku moja, wala msimwache peke yake. Msomeeni dua, na tiba mwende nayo. Hayo mawili hayapingani.

Wabillahi tawfiq.