Tuulize Dawa kwa Sauti Moja

Umaskini na maradhi ni maadui wanaosaidiana. Dawa isipomfikia maskini, ni kama haipo.

Huko Afrika Kusini, dawa ya nevirapini iliweza kupunguza hatari ya mama kumwambukiza mtoto virusi vya UKIMWI wakati wa kujifungua. Lakini serikali iliiruhusu katika vituo viwili tu vya majaribio kila jimbo. Wananchi wa chama cha Treatment Action Campaign, kilichoanzishwa 1998, walijifunza habari za dawa hiyo, wakaandamana, wakaenda mahakamani. Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru vizuizi viondolewe.

Nasi dawa ikikosekana zahanatini, tusinung'unike njiani. Tuandike jina la dawa na tarehe, tupeleke mkutano wa kijiji, tuulize: itafika lini?